Mama Futi na Kiuno cha Bibi Harusi

Tulimwacha sakafuni. Najua baadhi yenu mmenikasirikia wiki nzima, mkauliza ni mwandishi gani huyu anayemwangusha binti wa watu kisha anakwenda zake kula. Nisameheni. Nilikwenda kula, na chakula hakikupita.

Kwa aliyetukuta njiani, mambo yalikuwa hivi. Kitinda, binti wa mwisho wa Mama Futi, alikuwa akijaribu gauni lake la harusi ndani ya duka la ushonaji la mama yake. Shangazi wa bwana harusi alikuwepo, amekuja na wanawake wa upande wao kulitazama gauni. Kitinda akaambiwa anyanyue mikono ili mama yake atie pini kwapani. Akainyanyua. Macho yakageuka, akaenda chini na pini zake zote.

Sasa, Mama Futi si fundi wa kawaida. Futi, ule utepe wa kupimia, haimtoki shingoni toka anapofungua duka hadi anapolifunga, na mtaa mzima unaamini kwamba mikono yake hujua mimba kabla ya mwenye mimba. Amewatangazia wateja mimba zao wakiwa bado wanajiuliza kwa nini wanachukia harufu ya sabuni. Hakuwahi kukosea. Basi siku hiyo, badala ya kumfungulia binti yake vifungo apate hewa, alivua futi shingoni, akaizungusha kiunoni mwa mtoto aliyezirai, akasoma, akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni:

"Huyu ana mimba."

Hapo ndipo tulipokata uzi. Haya, tuutie tena kwenye sindano.

Shangazi hakupiga kelele. Watu wa namna yake hawapigi kelele, ndiyo maana wanaogopwa. Alitoka hadi kwenye benchi la nje alipokuwa amekaa bwana harusi, fundi umeme, kijana mpole aliyekuwa akiwasubiri wanawake wa kwao awarudishe nyumbani kwa gari la kukodi. Akamuuliza mbele ya wapita njia kama mzigo ule ni wake.

"Mimi sijamgusa," kijana alisema.

Alisema kweli. Lakini kweli nyingine huumiza kuliko uongo, inategemea imesemewa wapi. Shangazi alimshika mkono akaondoka naye, na wale wanawake wakafuata nyuma wamekaza midomo kama watu waliobeba maji kichwani. Hawakuyabeba mbali. Kabla teksi ya kumpeleka Kitinda hospitali haijapatikana, muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara alikuwa ameshajua.

Kitinda alizinduka ndani ya teksi, kichwa mapajani mwa dada yake. Huyu ni mtoto wa kwanza, na nyumba nzima humwita Dada tu, hata mama yake. Ameolewa, anakaa mtaa wa pili, na aliposikia alikuja mbio. Mbio za kusema tu, maana alifika anahema, akakaa kwanza kizingitini ndipo akasaidia kumbeba mwenzake.

Njia nzima Mama Futi, kiti cha mbele, alikihutubia kioo cha gari. Alitaka jina la mwanamume. Aliuliza amekosea wapi katika malezi, akajijibu, akauliza tena. Kitinda alisema "Mama, hapana," pumzi ikakatika, kisha akasema "hapana" nyingine. Mama alidhani ni kwikwi za mtu aliyeshikwa.

Hospitali, muuguzi mwenye miwani iliyofungwa kamba alichukua mkojo, akapima, akarudi. Hakuna mimba.

Mama Futi alitaka kipimo kirudiwe. Alisema huenda kimepitwa na wakati, maana vitu vya siku hizi havieleweki. Muuguzi akafungua kingine mbele ya macho yake. Hakuna mimba.

"Mikono yangu haijawahi kunidanganya," Mama Futi alisema.

"Na kipimo changu hakimjui mtu," muuguzi akajibu, akaita mgonjwa anayefuata.

Mngedhani hapo mama angeshukuru, akamkumbatia mwanawe, akamwomba radhi pale pale. La. Alichoona ni uchungu wa fundi aliyeambiwa mshono wake umepinda. Nampenda sana Mama Futi, lakini siwezi kumfichia hili.

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke mdogo kwa umri na kwa kimo, mwenye raba miguuni. Hakuuliza habari za wanaume. Alimsikiliza Kitinda kifua, mbele na nyuma, akarudia. Alipomlaza chali, Kitinda alianza kukohoa na kushika ukingo wa kitanda, ikabidi ainuliwe. Kisha daktari akambonyeza mguu juu kidogo ya kifundo. Alipotoa kidole, shimo likabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa.

"Mpelekeni ultrasaundi," alisema. "Nakuja mwenyewe."

Uso wa Mama Futi ukang'aa. Naona aibu kuandika, lakini uling'aa. Mtaani kwao ultrasaundi ina kazi moja tu, na watu hurudi nayo kwenye bahasha wakijua wanunue nguo za rangi gani. Akamwangalia Dada kana kwamba anasema, si nilisema mimi.

Ukumbi wa kungojea ulijaa wajawazito. Walikuwa wamekaa kwenye viti vilivyopangwa kando ya ukuta, mikono juu ya matumbo, na Kitinda akasukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi katikati yao, bado amevaa gauni la harusi lenye pini. Hakuna aliyejifanya hamwoni. Mmoja wao alikuwa mteja wa dukani, mwanamke mcheshi anayeshonesha vitenge kila mwisho wa mwezi.

"Mama Futi, hongera jamani," alisema. "Mjukuu anakuja?"

Angeweza kukohoa. Angeweza kuangalia dari. Mama Futi alitikisa kichwa: ndiyo.

Kitinda alikiona kile kichwa kikitikisika. Aligeuza uso ukutani na kuanza kuchomoa pini kwenye gauni, moja baada ya nyingine, akiziweka kiganjani mwa dada yake.

Mlango ulifunguliwa, wakaingizwa. Chumba kilikuwa na giza kidogo na ubaridi. Daktari alimlaza Kitinda nusu ameketi, mito mgongoni, akalishusha gauni kifuani, akampaka mafuta mazito upande wa kushoto wa kifua, chini ya titi, akaweka kile kifaa hapo.

Mama Futi alivumilia kwa muda. Kisha uzoefu ukamzidi.

"Daktari, umepanda sana," alisema kwa upole, kama anayemwelekeza mwanafunzi wa cherehani. "Mtoto yuko chini huku."

Daktari hakugeuka. "Mama, simtafuti mtoto. Natafuta moyo."

Kwenye kioo cha mashine palikuwa na kitu kikubwa, cheusi katikati, kinachopepesuka pole pole. Hata asiyesoma angejua kwamba kile kitu kimechoka. Kilijivuta, kikakaribia kukaza, kikaachia kabla ya kumaliza. Mama Futi alikitazama na mdomo wake haukupata la kusema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Daktari alieleza bila haraka. Moyo wa Kitinda umetanuka na misuli yake imelegea. Hausukumi damu inavyotakiwa, kwa hiyo maji yanabaki nyuma, yanajaa miguuni, yanajaa tumboni, na akilala chali yanapanda kwenye mapafu. Tumbo lile lililoongezeka ni maji. Kuzirai ni moyo kushindwa kufikisha damu kichwani mikono ilipoinuliwa. Atalazwa leo, atapewa hewa ya mashine na dawa za kutoa maji, na watamwangalia kwa karibu.

"Mshukuruni Mungu kwamba si mimba," alimalizia. "Moyo wa namna hii ukibebeshwa na mimba juu yake, mama na mtoto wote wanaweza kwenda."

Dada, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, aliomba kiti.

Kisha yakaja maswali. Daktari aliuliza Kitinda analalaje usiku. Akajibu kwamba analala amekaa, ameegemea ukuta, maana akijinyoosha anahisi anazama. Mama Futi alisikia hayo, ilhali vyumba vyao vinatenganishwa na pazia tu. Kitinda akaulizwa kama alijua tumbo linaongezeka. Alijua. Alikuwa akijifunga kitambaa kwa nguvu chini ya nguo ili gauni litoshe, mama asilifumue tena.

Kitambaa hicho, wasomaji, Mama Futi alikuwa amekikuta chini ya godoro siku nyingi nyuma. Nani hujifunga tumbo kwa siri ila mtu mwenye la kuficha? Alikirudisha pale pale. Hakuuliza. Gauni alikuwa ameshalifumua ubavuni na kulipanua, akalifumua tena, na kila mara akipitisha futi kiunoni alimtazama mwanawe usoni kwa jicho la askari. Macho yake yaliona ugonjwa tangu mwanzo. Aliusoma kama dhambi, akanyamaza ili apate ushahidi.

"Mwanangu," alisema, na sauti ilikuwa imepungua nusu, "kwa nini hukuniambia mimi?"

Kitinda alivuta pumzi ya kutosha maneno.

"Ningekuambia wewe, ungeliambia duka."

Kisha akamgeukia daktari, akaomba mama yake atoke nje.

Kuna aibu za namna mbili. Moja unaaibishwa na watu, nayo hupoa, maana watu wana shughuli zao. Nyingine inatoka kwa mtu uliyemzaa, akiwa amelala mbele yako na gauni ulilomshonea, akisema kweli tupu. Hiyo haina pa kukimbilia. Mama Futi alitoka, na mlango ukafungwa nyuma yake kwa adabu.

Alikaa kwenye kiti kitupu, katikati ya wajawazito. Mteja wake yule mcheshi akamsogelea na kumuuliza ni wa kike au wa kiume.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi; dole litapona ukiwa unatembea. Mama Futi alisimama. Alisema si mimba. Alisema binti yake ana ugonjwa wa moyo, na kwamba yeye mama mtu ndiye aliyemsingizia. Aliyasema kwa sauti ile ile ya dukani, inayofika mpaka mlangoni, na akina mama wote wakashusha macho kwenye matumbo yao.

Yule mteja alinyoosha mkono kumfariji. Mama Futi hakungoja. Alikuwa ameshajua anakokwenda.

Shangazi ana saluni. Si kubwa, lakini ndiyo redio ya eneo lile, na mawimbi yake hufika mbali. Mama Futi alipoingia, wanawake watatu walikuwa chini ya draya, na mazungumzo yakakatika kwa namna ambayo ulijua walikuwa wakizungumza nini. Shangazi alikuwa akisuka. Hakuacha kusuka.

Mama Futi akasema alichokuja kusema. Alisema mtoto hana mimba, amepimwa akarudiwa, ni maji, ni moyo.

"Nini?" akauliza mmoja chini ya draya. "Sisikii."

Shangazi alinyoosha mkono, akazima draya zote. Saluni ikawa kimya.

"Rudia," alisema. "Asubuhi ulisema watu wote wasikie."

Akarudia. Safari hii ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa hapakuwa na mngurumo wa kujifichia. Alisema binti yake ni msafi, kijana wao ni mkweli, na mwongo mle dukani alikuwa mmoja tu, naye ndiye huyu aliyesimama hapa. Futi ilikuwa bado shingoni, na wote walikuwa wakiitazama.

"Ulisema mimba bila kuulizwa," Shangazi alisema. "Sasa unasema moyo, pia bila kuulizwa. Mimi nishike lipi?"

"Shika la daktari."

"Haya. Na likiwa la daktari, kijana wetu aoe mgonjwa?"

Hilo Mama Futi hakuwa amelifikiria. Alikuja kumtoa mwanawe kwenye tope, na kumbe kamba aliyomtupia ilikuwa na kitanzi. Angesema nini? Kwamba atapona kesho? Hakujua. Kwamba ni ugonjwa mdogo? Alikiona kile kitu kwenye kioo.

"Sikuja kwa ajili ya harusi," alisema mwisho. "Nimekuja kurudisha jina la mtoto. Harusi ni yao wenyewe."

Shangazi alisogea karibu. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo wale wa draya waliikosa, akamwambia kwamba kijana mwenyewe hajaonekana nyumbani. Aliteremka kwenye gari kona ya kwanza tu, akaenda zake kwa miguu, na simu hapokei.

Hamhitaji kunisukuma niwaambie alikuwa wapi. Mama Futi aliporudi hospitali alimkuta kwenye benchi la wodi, viatu vya bibi harusi mapajani, na pembeni yake mfuko wa nailoni wenye gauni. Wauguzi walikuwa wamelikata kwa mkasi kutoka shingoni hadi pindoni ili wamvue mgonjwa haraka. Mama Futi alilitoa kidogo. Ubavuni, ndani ya mshono wa sasa, palikuwa na alama za mshono wa zamani, na ndani zaidi palikuwa na nyingine, vitundu vidogo vidogo vimejipanga. Kila mstari ulikuwa siku ambayo angeweza kuuliza.

Kijana hakumlaumu, na hilo lilimuumiza zaidi. Alieleza, macho chini, kwamba yeye alijua Kitinda hapandi ngazi bila kupumzika katikati. Alimsihi aende hospitali, Kitinda akamwomba asubiri harusi ipite, maana mama ameisubiri sana.

"Nilisema kweli pale nje, Mama," alisema. "Lakini sikupaswa kuondoka."

Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Wahenga hawakutuambia mtu afanye nini kama nyumbani kwake kufichua kunaumbua zaidi.

Wakaketi pamoja, wawili walioona haya, viatu na gauni kati yao, mpaka muuguzi alipokuja kusema mgonjwa anamwita mama yake.

Kitinda alikuwa ameinuliwa mgongo, bomba la hewa puani, rangi imemrudia kidogo. Dada alikuwa kwenye stuli ya pembeni. Mama Futi alisimama miguuni pa kitanda kama mtu aliyeitwa ofisini.

Alianza kusema habari za saluni, Kitinda akainua kiganja. Alikuwa ameshasikia. Yule mteja wa kitenge alikuwa amepita wodini, na kwa hayo tu mnaona habari njema nazo zina miguu zikipata mbebaji.

"Nataka ahadi," Kitinda alisema. "Tumbo la mtu usilitaje tena mbele za watu. Si langu tu. La mtu yeyote, mpaka akuambie mwenyewe utaje."

Mama Futi alivua futi shingoni. Shingo ilionekana nyembamba bila ile futi, na palikuwa na mstari mweupe pale ilipozoea kukaa. Akaikunja, akaiweka mkononi mwa binti yake, akafunga vidole vyake juu.

"Naahidi."

"Sijakusamehe," Kitinda alisema. "Nimechoka tu. Lakini kaa."

Akakaa. Alilia bila kelele, akijifuta kwa ncha ya mtandio, na Kitinda akajifanya hamwoni. Dada naye alikuwa akitazama dirishani. Siku ilikuwa ya joto, feni la wodi lilikuwa limekufa, lakini Dada hakuwa amevua koti la mumewe lililomfika magotini.

Ndipo daktari akarudi. Alitaka kujua habari za ukoo. Baba yao yuko wapi? Mama Futi akaeleza kwamba alifariki ghafla, kijana bado, akiwa ameinama anafunga kamba za viatu aende kazini. Hakuwahi kuugua hata mafua. Watu walisema siku yake ilifika, wakazika.

Daktari akasema jambo lililobadilisha hewa ya chumba. Udhaifu wa namna hii wa misuli ya moyo mara nyingine hutembea ndani ya damu ya familia. Mtu anaweza kuwa nao akadhani ni uchovu tu. Angependa kila mtoto wa yule baba apimwe, na kama wapo hapa, leo.

Walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa kitandani. Macho yote yakaenda kwenye stuli.

"Mimi mzima," Dada alisema haraka. "Nitakuja siku nyingine. Mume wangu ananisubiri."

Akasimama upesi kuliko miguu yake ilivyotaka. Akayumba. Mama Futi alikuwa karibu, akamdaka kwa mikono miwili kiunoni, chini ya koti.

Na mikono, wasomaji, haikuulizwa. Mikono ya fundi haina swichi. Ilishika kiuno ambacho imekipima tangu kikiwa cha gauni la chekechea, na kiuno hakikuwa kile.

Mama Futi aliganda. Mimba? Au maji? Asubuhi angejua, angeapa, angetangaza. Sasa mikono ile ile ilikuwa kiunoni mwa mtoto mwingine, nayo haikujua kitu. Kitu kimoja tu alikumbuka. Mara ya kwanza Dada aliposhika mimba, ni yeye mama aliyeitangaza kutoka mlangoni mwa duka, Dada mwenyewe akiwa bado hajamwambia mumewe. Mimba ikaharibika. Na Dada akabaki kuwajibu wanawake wa mtaa mmoja mmoja, hadi akaanza kupita njia ya nyuma kwenda sokoni.

Kitandani, Kitinda alikuwa akimtazama mama yake mdomoni.

Mama Futi hakutamka kitu. Aliinama, akasogeza mdomo karibu kabisa na sikio la Dada, akauliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza Kitinda hata siku moja.

"Mwanangu, usiku unalalaje?"

Dada aliuficha uso begani mwa mama yake. Jibu lilitoka chini sana, pumzi nusu, maneno nusu.

"Ni mimba, Mama. Na nalala nimekaa. Tafadhali, usimwambie mtu."

Daktari alikuwa ameshafika mlangoni. Kitu fulani kilimfanya ageuke. Akamwangalia Dada, akaangalia lile koti, akamwangalia mama.

"Mama," alisema, "kuna jambo lolote ninalopaswa kulijua?"

Kitinda alikaza ngumi juu ya futi. Dada alikaza mikono shingoni mwa mama yake. Na Mama Futi, ambaye maisha yake yote alisema bila kuulizwa, sasa alikuwa ameulizwa.